Maji ya gesi nyumbani kwa gharama ndogo: mwongozo kamili kwa aliyejaribu yakagoma

Njia yenyewe ni chupa mbili zilizounganishwa kwa mpira: moja inatoa gesi kwa bekingi soda na ndimu ya unga, nyingine ina maji ya kunywa. Wanaojaribu kutengeneza maji ya gesi nyumbani hukwama palepale. Mmoja anaishia na maji yenye chumvichumvi yasiyonyweka. Mwingine anapata chupa ngumu kabisa, lakini akifungua inalia "psss" mara moja, kisha maji yanakaa kimya kama ya bombani. Wa tatu haoni kitu, kwa sababu gesi yote imepenya pembeni mwa mpira kwenye kifuniko.

Wote watatu hukimbilia dawa ileile: kuongeza unga huo wa kutoa gesi. Haisaidii. Vijiko vichache vya unga vinatoa gesi ya kutosha. Kinachokosekana ni maji yaliyo tayari kuishika. Karibu kila hatua hapa chini inahusu jambo hilo.

Angalia hesabu hii. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 5, yakiwa chini ya hewa ya ukaa tupu (kaboni dioksidi, ndiyo gesi yetu) kwa mgandamizo wa kawaida, inashika takriban gramu 2.8 za gesi hiyo. Lita hiyohiyo ikiwa na nyuzi 30, yaani maji ya tangi la juu ya paa Dar es Salaam wakati wa joto, inashika gramu 1.3 tu. Hujafika hata nusu. Soda ya dukani ina kama gramu 6 hadi 8 kwa lita. Kwa maji ya uvuguvugu, ungehitaji mgandamizo mkubwa kuliko unaoweza kuupata salama jikoni.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Chupa
- Chupa moja ya soda ya plastiki ya lita 2. Hii tutaiita chupa ya gesi.
- Chupa moja ya soda ya plastiki ya lita 1.25. Hii ni chupa ya maji.
- Vifuniko vya chupa hizohizo, viwili vya kutoboa na kimoja kizima cha akiba.

Mpira
- Mpira wa dripu, mpya, kutoka duka la dawa. Unakuja na kile kigurudumu cha kupunguza matone, na hicho ndicho kitakuwa bomba letu la kufungua na kufunga. Kata kile kichupa cha matone na sindano, ubaki na mpira mtupu wa kama mita moja, kigurudumu kikiwa juu yake.

Unga
- Bekingi soda, vijiko 8 vya chai kwa lita moja ya maji.
- Ndimu ya unga, ile inayotiwa kwenye achari na mabuyu, vijiko 8 pia.
- Tishu za kawaida.

Zana
- Kekee yenye biti ya milimita 3, au msumari mwembamba na bisibisi ndogo.
- Plaizi, msasa, faneli, sabuni ya maji.
- Miwani ya kukinga macho. Ya fundi wa kuchomelea inafaa, hata ya jua ni afadhali kuliko macho matupu.

Neno kuhusu unga, kwa kuwa hapa wengi hupotea kabla hata hawajaanza. Bekingi soda siyo bekingi pauda. Bekingi pauda imeshachanganywa na asidi pamoja na wanga, kwa hiyo inaanza kuchemka ikigusa maji tu na inaacha uji mweupe. Hamira ni kitu kingine kabisa. Magadi ya kupikia maharage nayo yana gesi kidogo na uchafu mwingi. Soma paketi: kama imeandikwa bikaboneti ya sodiamu peke yake, umepata. Kuijaribu, dondoshea siki kwenye ncha ya kijiko cha unga. Ikichemka kwa nguvu, bado nzima.

Siki inaweza kushika nafasi ya ndimu ya unga. Utahitaji kama mililita 300 za siki ya kawaida ya asilimia 5 kwa kila raundi ya kutoa gesi, na raundi ni mbili, yaani zaidi ya nusu lita kwa lita moja ya maji. Ni ghali zaidi na harufu yake inasafiri na gesi hadi kwenye glasi. Mimi siipendi.

## Usiyotumia hata ukibembelezwa

Chupa ya kioo. Ikipasuka inatoa visu.

Chupa ya maji ya kunywa, zile laini zenye mikunjo. Hazikutengenezwa kubeba mgandamizo. Chupa ya soda unaitambua kwa mwili wa duara ulio laini na kitako chenye miguu mitano.

Gesi ya kizima moto, na barafu kavu (hewa ya ukaa iliyogandishwa) ndani ya chupa iliyofungwa. Ya kwanza haikukusudiwa kinywani, ya pili imewahi kuwalipukia watu mikononi.

Na usitumie chupa ya soda iliyowahi kutiwa maji ya moto au yenye mistari myeupe ya kukunjika. Imeshachoka.

## Hatua ya 1: Poza maji mpaka yaume meno

Jioni ya kuamkia kazi, chemsha lita moja ya maji, yaache yapoe kabisa, yachuje kwa kitambaa safi, kisha uyamimine kwenye chupa ya maji na kuiweka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ihamishie kwenye friza mpaka uone vipande vyembamba vya barafu vikianza kuelea.

Kuchemsha kunafukuza hewa ya kawaida iliyoyeyuka ndani ya maji, ile inayosababisha povu kufoka unapofungua. Kuchuja kunaondoa chembechembe. Viputo vya gesi hupenda kuzaliwa juu ya chembe. Kama bomba lenu linatoa maji ya kisima yenye chumvi, tumia maji mengine, kwa kuwa gesi haifichi chumvi.

Onyo: usimimine maji ya moto kwenye chupa ya soda. Plastiki inasinyaa, nguvu inapungua, na hutaiona kasoro mpaka siku ya kupasuka.

Huna friji, au umeme umekatika? Ndoo, barafu ya kununua na viganja viwili vya chumvi. Zamisha chupa hadi shingoni na uigeuzegeuze. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke ikiwa baridi zaidi ya nyuzi sifuri, kwa hiyo ndoo hii inapoza haraka kuliko friji.

Umefaulu ikiwa: chupa inatoa jasho nje na huwezi kuishika kiganjani kwa muda mrefu.

## Hatua ya 2: Toboa vifuniko, tundu liwe dogo kuliko mpira

Hapa ndipo gesi za watu wengi zinapoishia. Fundi anatoboa tundu la kupitisha mpira bila shida, halafu anazungushia gundi. Siku ya kwanza inashika, siku ya pili inabanduka kipande kizima. Sababu ni kwamba plastiki ya kifuniko cha soda haishikani vizuri na gundi yoyote ya kawaida, iwe ya haraka, ya moto au ya kuchanganya tyubu mbili. Gundi inakauka juu yake tu kama nta.

Kinachozuia gesi ni mpira wenyewe ukibanwa na tundu. Mpira wa dripu una unene wa kama milimita 4. Toboa kwa biti ya milimita 3, katikati ya kifuniko, ukikiweka juu ya kipande cha ubao. Ukitumia msumari wa moto, toboa tundu dogo zaidi kisha ulipanue polepole kwa kuzungusha bisibisi. Msumari ukiyeyusha plastiki unaacha kingo zenye mawimbi, na mawimbi hayo ni njia ya gesi.

Kata ncha ya mpira kwa mshazari mrefu, iwe kama kalamu iliyochongwa. Ichovye kwenye maji ya moto kwa nusu dakika ilainike. Ipenyeze kutoka juu ya kifuniko, ishike kwa plaizi upande wa ndani, uvute. Itavutika na kuwa nyembamba, itapita, kisha itanenepa tena na kujibana. Kata ile ncha ya mshazari, uache mpira sentimita 2 tu ndani ya kifuniko.

Fanya hivyo kwa kifuniko cha pili upande wa pili wa mpira. Sasa una mpira mmoja wenye vifuniko viwili, kigurudumu kikiwa karibu na kile cha chupa ya maji. Ukipenda gundi, kwaruza kifuniko kwa msasa na upake kidogo kuzunguka mpira, lakini ijue kazi yake: inazuia mpira usitikisike. Kuziba siyo kazi yake.

Watu huuliza kwa nini mpira usifike chini kabisa ya chupa ya maji, gesi ipande ikiwa viputo. Inapendeza kuangalia, basi. Viputo vikubwa hupanda na kutoka bila kuyeyuka, na mgandamizo ukishuka upande wa pili, mpira mrefu unanyonya maji yako yote kuyarudisha kwenye chupa ya gesi. Sentimita 2 zinatosha.

## Hatua ya 3: Tafuta panapovuja kabla ya kupoteza unga

Funga kifuniko kimoja kwenye chupa tupu, funga kigurudumu, paka povu la sabuni kuzunguka mpira na shingo ya chupa, halafu minya chupa kwa nguvu. Rudia kwa kifuniko cha pili. Huko kigurudumu kipo mbali, kwa hiyo kunja mpira mara mbili karibu na kifuniko na uubane kwa vidole.

Povu likivimba pembeni mwa mpira, tundu ni kubwa. Tupa kifuniko hicho, toboa kingine. Likivimba kwenye nyuzi za shingo, kifuniko siyo cha chupa hiyo. Siku hizi kuna shingo fupi na shingo ndefu, na vifuniko vyake havibadilishani ingawa vinafanana.

Umefaulu ikiwa: unaminya kwa mikono miwili, chupa inakataa kulegea, na povu limetulia.

## Hatua ya 4: Kamua hewa kwenye chupa ya maji

Chupa ya lita 1.25 ikiwa na lita 1 ya maji, juu kunabaki nafasi yenye hewa ya kawaida. Hewa hiyo ni mpangaji asiyelipa kodi. Inakaa juu ya maji, inachukua sehemu ya mgandamizo, na haiyeyuki kwa kiasi cha maana. Ndiyo inayokupa chupa ngumu yenye maji bapa, yaani yasiyo na gesi: ugumu wote ni wa hewa.

Minya chupa pole pole mpaka maji yapande shingoni. Ukiwa bado umeminya, funga kifuniko chenye mpira, kigurudumu kikiwa kimefungwa. Ukiachia, chupa inabaki imebonyea. Ibaki hivyo.

## Hatua ya 5: Washa chupa ya gesi

Vaa miwani. Watoto watoke.

Tia glasi moja ya maji, kama mililita 250, kwenye chupa ya lita 2. Ongeza vijiko 4 vya chai vya ndimu ya unga, vya kusawazishwa siyo vya kilima, utikise mpaka iyeyuke.

Funga vijiko 4 vya bekingi soda ndani ya tishu ya tabaka mbili, uisokote iwe nyembamba kama kidole ili ipite shingoni. Tishu inakupa sekunde chache kabla unga haujalowa. Itumbukize, funga kifuniko kwa haraka na kwa nguvu, kisha, baada ya kufunga na siyo kabla, fungua kigurudumu. Ukikifungua mapema, chupa iliyobonyea inavuta hewa ya nje kupitia mpira, na Hatua ya 4 imekwenda bure.

Chupa ya gesi isimame wima wakati wote. Ikilala, au ukiitikisa kwa fujo, povu linapanda kwenye mpira na kuingia kwenye maji yako. Hilo ndilo chanzo cha ile ladha ya chumvi.

Onyo la vipimo: vijiko 4, chupa ya lita 2. Hata mpira ukiziba kabisa, gesi yote ya kipimo hiki inapandisha mgandamizo hadi kama bar 3 na nusu (bar moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa inayotuzunguka), na chupa ya soda iliyosahaulika ndani ya gari juani inavumilia zaidi ya hapo. Kipimo hikihiki ukikitia kwenye chupa ya nusu lita yenye glasi ileile ya maji, hesabu inapita bar 20. Chupa itapasuka kabla ya kufika huko. Kwa hiyo usipunguze chupa na usiongeze unga.

## Hatua ya 6: Fukuza hewa mara ya pili

Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayotenganisha maji ya gesi na maji yenye vijiputo viwili vitatu.

Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inapozalishwa chini ya chupa ya gesi, inaisukuma hewa iliyokuwa juu, kwa hiyo kinachoingia kwanza kwenye chupa ya maji ni hewa ileile uliyohangaika kuikamua.

Chupa ya maji ikishajaa na kuwa duara tena, funga kigurudumu. Legeza kifuniko cha chupa ya maji kidogo sana, acha ipumue, minya mpaka maji yafike shingoni, kaza tena. Fungua kigurudumu. Sasa kinachoingia ni gesi yenyewe.

## Hatua ya 7: Tikisa

Acha chupa ya gesi sakafuni. Zungushia chupa ya maji taulo lililoloweshwa maji baridi, kwa sababu viganja vina joto na dakika chache za kushika zinatosha kuyaharibu. Tikisa kwa nguvu dakika moja, pumzika dakika moja, tikisa tena. Fanya mizunguko mitatu.

Gesi inaingia kwenye maji kupitia uso wake tu. Maji yaliyotulia yana uso mdogo wa duara shingoni. Maji yanayotikiswa yanavunjika matone maelfu, kila tone na uso wake. Kazi inayochukua siku kwenye chupa iliyotulia inakwisha ndani ya dakika.

Umefaulu ikiwa: unaisikia chupa ikilegea mkononi kila unapotikisa, kisha inakaza tena unapopumzika. Huko kulegea ni maji yakinywa gesi. Chupa isipolegea kabisa, basi ama maji ni ya uvuguvugu ama ndani kuna hewa. Rudia Hatua ya 6.

## Hatua ya 8: Raundi ya pili

Raundi moja inakupa kama gramu 4 na nusu kwa lita. Yananyweka, ila hayachomi ulimi. Raundi ya pili inayafikisha karibu na gramu 7, na hapo umeingia kwenye eneo la soda ya dukani.

Funga kigurudumu kwanza. Ukisahau, ukifungua chupa ya gesi mgandamizo wote wa upande wa maji utarudi nyuma kwa kishindo, na maji pamoja nao. Kama kigurudumu chako ni dhaifu, kunja mpira na uubane kwa kibanio cha nguo juu yake.

Sasa legeza kifuniko cha chupa ya gesi pole pole. Mwaga maji yake kwenye sinki, hayana madhara. Suuza, tia glasi nyingine ya maji, ndimu ya unga vijiko 4, bekingi soda vijiko 4 kwenye tishu, funga, fungua kigurudumu. Safari hii usifungue chupa ya maji. Tikisa mizunguko mitatu kama mwanzo.

Umefaulu ikiwa: chupa ya maji ni ngumu sawa na soda ambayo haijafunguliwa. Weka moja pembeni uifananishe kwa kubonyeza.

## Hatua ya 9: Ilaze kabla ya kuifungua

Funga kigurudumu, toa kifuniko cha upande wa chupa ya gesi, na uirudishe chupa ya maji kwenye friji pamoja na mpira wake. Iache muda wa saa mbili, au usiku mzima ukiweza.

Maji yaliyotoka kutikiswa yamejaa viputo vidogo visivyoonekana, na kila kimoja ni mlango wa gesi kutokea. Ukifungua papo hapo, yanafoka na nusu ya kazi yako inaishia kwenye meza. Yakitulia baridi, viputo hivyo vinayeyuka.

Baada ya hapo fungua taratibu, toa kifuniko chenye mpira, funga kile kizima. Maji baridi hayana haraka ya kuachia gesi. Sekunde kumi za kubadilisha kifuniko hazikupunguzii kitu cha kulalamikia.

Mimina kwenye glasi iliyoinamishwa. Viputo viwe vidogo, vipande mfululizo kutoka ubavuni mwa glasi, na viendelee hata baada ya dakika kadhaa. Viputo vikubwa vinavyokwisha mara moja maana yake gesi haikuyeyuka, ilikuwa imefungiwa tu.

## Yakigoma, tazama hapa

Yana chumvi. Povu limevuka. Punguza maji ya chupa ya gesi yasizidi glasi moja, tumia tishu nzito, na usiisogeze chupa hiyo ikiwa inachemka. Hali ikiendelea, weka chupa ndogo tupu ya soda katikati ya mpira, yenye kifuniko cha matundu mawili: povu litadondokea humo, gesi itapita.

Chupa ngumu, maji bapa. Hewa. Hatua ya 4 na ya 6.

Yalikuwa mazuri jana, leo yamekufa. Kifuniko kimechoka, au chupa imebaki nusu tupu. Kadiri nafasi ya juu inavyokuwa kubwa, ndivyo gesi inavyotoka kwenye maji kwenda kuijaza. Hamishia kwenye chupa ndogo ijae hadi shingoni.

Chupa ya gesi inachemka lakini ya maji haijai. Kigurudumu kimefungwa au mpira umekunjika. Ukiwa hujui ni wapi, usiitikise; legeza kifuniko cha chupa ya gesi kidogo kidogo mpaka iishe nguvu, ndipo ukague.

## Kwa nini usimimine bekingi soda moja kwa moja kwenye maji ya kunywa

Njia ya mkato inayosambaa ni kutia bekingi soda na ndimu kwenye glasi na kunywa kikichemka. Inachemka kweli. Lakini kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda kina karibu gramu 1.3 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku, chakula chote kikiwemo. Mwenye presha au matatizo ya figo asiiguse kabisa. Sababu ya kuwa na chupa mbili ni hiyo: sodiamu yote inabaki upande wa pili na unaimwaga.

Kuna pia njia ya sukari na hamira ndani ya chupa ya gesi. Inafanya kazi, ila inachukua siku nzima au zaidi, inaleta harufu ya togwa lililochacha, na huwezi kuizima inapozidi. Isitoshe kilichobaki kwenye chupa ile ni pombe, jambo ambalo nyumba nyingi hazilitaki jikoni.

## Kuweka ladha

Ladha inaingia mwisho, na inaingia kwenye glasi. Tia kwanza sharubati ya tangawizi, ukwaju au rozela, kisha mimina maji ya gesi taratibu juu yake. Ukifanya kinyume inafoka. Sukari ya punje ni mbaya zaidi, kila punje inazaa viputo. Iyeyushe iwe shira kwanza.

Na usitie juisi ndani ya chupa kabla ya kutikisa. Nyama za tunda zinaziba mpira, na mpira ulioziba tumeshauzungumzia.

## Gharama

Lita moja inakula kama gramu 40 za bekingi soda na kidogo pungufu ya hapo ya ndimu ya unga. Kilo moja ya kila unga inakupa lita 25. Chukua bei za kilo mbili hizo kwa muuzaji wa jumla, zijumlishe, gawanya kwa 25, ulinganishe na unacholipa dukani kwa lita.

Vipaketi vidogo vya duka la mtaani vinaiua hesabu hii. Nunua pale waoka mikate wanaponunua. Kariakoo, kwa walioko Dar, au soko kuu la mji wako. Anayekunywa chupa moja kwa wiki, kwa maoni yangu, aendelee kununua tu.

## Ukizoea: mtungi

Mtu anayetengeneza kila siku atachoka na tishu. Mtungi wa hewa ya ukaa wa kilo 5, ukitumia gramu 10 kwa lita pamoja na inayopotea, unatoa kama lita 500. Gesi hii haitoki mbali: Tanzania inachimbwa ardhini Rungwe na kampuni ya TOL Gases, Kenya inachimbwa Kereita na Carbacid, na wote huuzia viwanda vya vinywaji.

Omba gesi ya daraja la vinywaji, siyo ya kuchomelea. Mtungi hauunganishwi na chupa bila rigyuleta, kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi inayotoka. Ndani ya mtungi, kwa joto la nyuzi 20 tu, kuna bar 57, na chupa ya soda haiwezi hata robo yake. Weka rigyuleta kati ya bar 2 na 2.5, kamua hewa kwenye chupa kama Hatua ya 4, fungua gesi, tikisa dakika moja, umemaliza. Huhitaji raundi ya pili wala kufukuza hewa mara ya pili, kwa kuwa hakuna hewa iliyotangulia.

Maji bado lazima yawe baridi. Kwa bar 2 zilezile, maji ya nyuzi 5 yanashika zaidi ya gramu 8 kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki gramu 4. Mtungi usimame wima, ufungwe kamba ukutani, uwe mahali penye dirisha na siyo chumba cha kulala: hewa ya ukaa haina harufu na hutuama chini, kwenye usawa wa mtu aliyelala. Kila ukirudi na mtungi uliojazwa, paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuuacha wazi.